Kitambaa cha Senje na Jicho la Tivi

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeuza vitu vya umeme tangu nikiwa na meza moja na mwavuli kando ya barabara pale Kawangware. Leo nina maduka mawili na mafundi wanne chini yangu, wawili kati yao wana diploma, na wote wakikwama huja kuniuliza mimi niliyeachia masomo darasa la sita. Nimeona spika ikiimba kutoka kwa simu iliyo chumba kingine, saa ya mkononi ikipokea salamu, gari likifungua milango kabla mwenyewe hajatoa ufunguo mfukoni. Nikiletewa kitu kipya nakitazama, nakigeuza, naelewa. Kitu cha kunishangaza bado hakijaundwa.

Basi mwezi uliopita nilienda Riruta Satellite kutundika tivi ukutani kwa rafiki yangu Kioko. Kwa kazi kama hiyo huwa namtuma kijana, lakini Kioko ni mtu wangu wa zamani, tumekula sufuria moja. Nikaingia sebuleni na drili yangu, na kabla sijaangalia ukuta nikaona kitu juu ya maikrowevu. Kitambaa cha kroshia, uzi wa sufu mwekundu, mzito, maua ya manjano katikati, vishada vimening'inia pande zote kama nywele za mtoto aliyekataa kusukwa. Nikaweka drili chini. Nikakisogelea, nikakinusa, mtu mzima mimi, na tumbo hili. Bado kilikuwa na harufu ya sufu na sabuni ya kipande. Hapo hapo nikawa na miaka tisa.

Kwetu ni Kibera, Kambi Muru. Baba alikuwa seremala wa vitanda, na chumba chetu kimoja kilitutosha kwa kubanana mpaka mama alipojifungua mapacha. Ikabidi mmoja atoke, na kwa kuwa mapacha hawakuwa na pa kwenda, nikatoka mimi. Nilipelekwa kwa miguu hadi Kawangware kwa dada ya baba, ambaye sisi Waluhya tunamwita Senje. Watu wengine walimwita Mama Imelda, ingawa Imelda mwenyewe alikuwa mashambani Kakamega kwa nyanya yake, kwa hivyo kitanda chake kikawa changu. Kwangu mimi hiyo ilikuwa safari ya kwenda ng'ambo. Kambi Muru tulikuwa watu wa koroboi. Kwa Senje kulikuwa na swichi ukutani. Siku ya kwanza niliiwasha na kuizima mpaka Senje akaniuliza kama nimeajiriwa na stima.

Senje alikuwa mfumaji wa vitambaa. Katika nyumba yake kila kitu kilivaa. Viti vilivaa mgongoni na mikononi, meza ilivaa, redio ilivaa, thamosi ilivaa. Ungesimama hapo kwa muda mrefu na wewe ungevalishwa. Wanawake wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walikuja kuagiza kwake, na aliwaambia bei bila kuinua macho kwenye sindano.

Halafu ikaja tivi. Mume wake alikuwa mtunza bustani Lavington, na mwajiri wake alipokuwa akihama nchi alimwachia tivi ya rangi kama kwaheri. Ililetwa kwa mkokoteni. Pale karibu na nyumbani mkokoteni ukapanda jiwe, tivi ikaanguka kifudifudi juu ya gunia la mkaa, na vitufe vya mbele vikazama ndani visitoke tena. Kioo kilikuwa kizima. Ukichomeka waya, taa ndogo nyekundu iliwaka pale chini, lakini kuiamsha ilibidi utumie rimoti. Bila rimoti ilikuwa sanduku tu.

Kwa hivyo rimoti ikawa mtu mkubwa katika nyumba ile. Senje aliifunga kwa nailoni, akaibana na mpira, akaiweka juu kabisa ya kabati katikati ya sahani za wageni. Sheria ilikuwa moja: mtoto akiishika, kesho yake yuko Kibera na mapacha.

Mlango wa pili aliishi Mama Kioko, mtu wa Kitui, mwanamke mrefu mwenye kicheko kilichosikika hadi kwenye bomba la maji. Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa sokoni akiuza ndengu na mbaazi, anatoka giza, anarudi giza. Jumapili alipika muthokoi, ule mchanganyiko wao wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na mimi nilikuwa wa kwanza kufika na sahani. Mwanawe Kioko alikuwa rika langu. Siku tivi ilipoletwa ilikuwa Jumapili, na Mama Kioko alikuja kuitazama kama watu wengine. Akaizunguka, akainama.

"Mama Imelda, na hii tivi yako imenuna hivi kwa nini? Hii itakuaibisha mbele ya wageni, mimi nakuambia."

Watu wakacheka. Senje akacheka kuliko wote. Kumbuka hayo maneno.

Siku za katikati ya wiki, Senje akienda kwa foleni ya maji, mimi na Kioko tulipanda kiti na kuteremsha rimoti. Sikuogopa. Nilikuwa nataka kujua inaiambia tivi nini. Niliweka sikio kwenye ile rimoti, kimya. Niliangalia pale mbele penye kitone cha kioo, sikuona kitu. Basi nikaamua mwenyewe kwamba ndani mna nzi. Nzi mdogo mwenye mbio kupita macho. Ukibonyeza anatoka, anaruka, anaingia kwa tivi na kuiambia, "Amesema washa." Nilimweleza Kioko kwa ukali wa mwalimu mkuu, naye akakubali, ila akauliza nzi anarudi saa ngapi. Nikamwambia analala huko.

Tukawinda huyo nzi. Kioko alisimama katikati, kifua mbele, nikabonyeza; tivi ikakataa. "Umemmeza," nikamwambia, na Kioko akashika tumbo. Nikaipitisha rimoti kando ya ubavu wake, tivi ikakubali. Nikageuka nikaipa tivi mgongo, nikaielekeza kwenye kioo cha kujitazamia alichokitundika Senje karibu na mlango, nikabonyeza. Tivi ikawaka nyuma yangu. Tukaanguka chini kwa kicheko. Nzi alikuwa ameenda kwenye kioo, akakata kona, akarudi.

Lakini nikatoka nje, nikasimama upande wa pili wa dirisha lililofungwa, nikabonyeza kupitia kwenye kioo chake. Tivi ikawaka. Hapo ndipo nilipokaa kwenye ngazi na kufikiri, na hakuna mtu aliyenisaidia. Nzi hapiti kwenye dirisha lililofungwa. Hapiti kwenye nailoni, na rimoti ilikuwa imefungwa kwa nailoni tangu mwanzo. Sasa ni nini kinachopita kwenye kioo, kinachopita kwenye nailoni, kinachogonga kioo cha kujitazamia kikarudi, na kinachoshindwa na kifua cha Kioko? Nilikaa pale mpaka jua likanipiga usoni kutoka kwa mabati ya nyumba ya mbele. Nikasema, "Ni mwanga." Kioko akasema mwanga huonekana. Nikamwambia huu umejificha. Miaka tisa, na sikuwa na kitabu.

Na ni kweli, ndivyo ilivyo. Ile taa ya mbele ya rimoti huwaka na kuzimika haraka haraka kwa mwanga ambao macho yetu hayaupati. Kila kitufe kina mpigo wake, kama vile unavyojua kwa kugongwa tu kwamba mlangoni ni jirani au ni mwenye nyumba. Tivi nayo ina jicho la kuupokea huo mpigo. Huniamini, chukua rimoti, ielekeze kwenye kamera ya simu yako, ile ya mbele, ubonyeze, utauona unameta. Bluetooth ni habari nyingine, hiyo ni mawimbi ya redio, hupita kitambaa kama hakipo. Lakini rimoti ya namna ile ikizibiwa njia, maneno yameisha.

Kitu ambacho sikukijua wakati ule ni mahali lilipo jicho.

Sasa taabu. Mchungaji alikuja kututembelea Jumapili moja. Mama Kioko akaja kusaidia kuandaa chai. Senje hakuiwasha tivi mapema, maana raha yote ilikuwa kuiwashia mgeni mbele ya macho yake. Chai ilipomiminwa akachukua rimoti, akanyoosha mkono kama anayeonyesha mwizi, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Taa nyekundu ikamwangalia tu. Mchungaji akasema tivi si muhimu. Jumatatu jioni Senje akajaribu, ikawaka bila maneno. Jumapili nyingine walikuja wakwe zake, Mama Kioko akasaidia chai, tivi ikakataa. Akaja mke wa mwenye nyumba, Mama Kioko yupo, tivi ikakataa. Katikati ya wiki inacheza kama kawaida.

Ndipo akaja Mama Ayub, mweka rekodi wa chama chao cha akina mama, kile cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, mtu wa kuongea kama anayeandika. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nikichambua mchele.

"Hebu niambie. Kila ikikataa, ni nani amekuwa hapa?"

Senje akahesabu kwa vidole, akasimama kwenye kidole cha tatu. "Mama Kioko."

"Na ni nani alisema itakuaibisha?"

"Alikuwa anatania tu."

"Mtu wa Kitui hatanii, Mama Imelda. Wewe umetoka Kakamega juzi, hawa huwajui."

Hayo maneno kuhusu watu wa Kitui, kwamba ni wachawi, yalisemwa Nairobi kila mahali, watu wakicheka, mpaka siku mtu alipoyahitaji. Senje aliyahitaji. Aliona haya mbele ya mchungaji, mbele ya wakwe, na haya inatafuta pa kushukia. Wakapanga: Jumapili ijayo chama kinakuja hapa, tivi ikikataa na Mama Kioko akiwa ndani, anatolewa kwenye chama. Zamu yake ya kupokea ilikuwa mwezi uliofuata. Alikuwa ameingoja mwaka mzima ili apate kibanda chenye paa pale sokoni. Na mimi nikaambiwa hapo hapo, "Usile tena kwa hao watu. Na huyo Kioko, muachane."

Sijawahi kuuchukia mchele kama siku hiyo.

Ijumaa Senje alifua kitambaa chake cha wageni. Ndicho hiki chekundu. Alikifuma kwa miezi minne, na hakikutoka sandukuni ila mtu wa maana akija. Siku nyingine tivi ilivaa kipande chembamba cheupe kilichoishia juu. Kilipokauka akakilaza juu ya tivi apime kama vishada vimelingana, akaitwa nje na mtu wa mkaa. Mimi nikapanda kiti. Kwa mazoea tu nikabonyeza.

Ikakataa.

Mama Kioko alikuwa sokoni, huko mbali, na mizani yake mkononi. Nikabonyeza tena, ikakataa. Nikaenda karibu, nikainua kishada kimoja, cha pili, na pale pembeni kulia, juu, nikaona kioo kidogo cheusi chenye wekundu, kama jicho la mende. Siku zote nilidhani ni pambo. Nikashikilia vishada juu, nikabonyeza, tivi ikafunguka.

Nilijaribu kumwambia Senje. Jumamosi nikaanza, "Senje, ile tivi..." akaniuliza nimeijulia wapi. Ningesema nini? Kueleza ni kukiri kwamba nimeshika rimoti, na kukiri ni Kibera. Nikaogopa. Najisifu kwa mengi, lakini Jumamosi hiyo nilinyamaza, na baadaye nikamwambia Kioko peke yake.

Jumapili wakaja akina mama wanane. Kitambaa chekundu juu ya tivi, juu yake mbwa wa udongo aliyepakwa rangi. Mama Kioko akaja wa mwisho, akicheka kutoka mlangoni, na sufuria ya muthokoi mkononi kwa sababu hakujua kitu. Akaiweka chini karibu na tivi, akaketi. Hakuna aliyemsogelea. Senje akanyoosha mkono, akabonyeza. Kimya.

Mama Ayub akakohoa. "Wamama, mmejionea. Mama Kioko, hebu toka nje kidogo."

"Nitoke kwa nini?"

"Toka tu, dada. Kuna kitu tunaangalia."

Mama Kioko akamtazama Senje. Senje akatazama kikombe. Mama Kioko akatoka. Senje akabonyeza, tivi ikakataa vile vile.

"Bado ako karibu," akasema Mama Ayub. "Aende mpaka kwa choo."

Akaambiwa kupitia dirishani aende mpaka choo. Nikamwona akivuka ua polepole, na khanga yake ya Jumapili, akigeuka kuangalia nyuma. Senje akabonyeza. Kimya.

"Basi ameshaifunga," akasema Mama Ayub, na kufungua daftari.

Hapo nikaona hakuna kitakachomwokoa. Akiwa ndani ni yeye, akiwa nje ni yeye. Nikasimama.

"Senje, ni kitambaa."

"Wewe nyamaza."

"Mmeifunika jicho. Mwiteni Mama Kioko mwone."

Sikungoja. Nikapiga kelele kwa dirisha, "Kioko, lete mamako," na Kioko, ambaye alikuwa ameegemea ukuta akisikiliza kila kitu, akakimbia. Mama Kioko akarudi, nikamwonyesha kiti cha mbele kabisa, karibu na tivi. Nikamnyang'anya Senje rimoti mkononi mwake. Chumba kizima kikavuta pumzi.

"Hizo vishada nimefuma miezi minne," akasema Senje, kwa sauti ya chini sana.

Nikavivuta juu. Mbwa wa udongo akateleza, akaruka, akatua ndani ya muthokoi hadi masikio. Nikabonyeza. Tivi ikawaka, na akatokea mzee mmoja katikati ya shamba akieleza namna ya kupalilia kabichi. Sijaona kabichi zikitazamwa vile. Nikaachia vishada, nikabonyeza namba nyingine, ikakataa. Nikainua, ikakubali. Nikaachia, nikainua. Nilifanya mara sita, na kila mara Mama Kioko alikuwa pale pale kwenye kiti chake, magoti yanakaribia kugusa tivi.

Mama Ayub akafunga daftari. "Basi mchawi ni kitambaa."

Mama Kioko akamgeukia. "Na kitambaa kimefumwa na nani?"

Kisha Senje akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu mwili mzima, mpaka akashika meza. Wote wakafuata. Mama Kioko akauliza, "Kwani mlinituma choo sababu ya tivi?" na akacheka kile kicheko cha bombani, akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Sijui kama yote yalikuwa ya kucheka. Wakamtoa mbwa, wakamfuta, wakala muthokoi wote.

Kesho yake Senje alibisha mlango wa pili na kitambaa chekundu kimekunjwa mara nne. "Mama Kioko, chukua. Kwangu kinaziba. Kwako hakuna kitu cha kuzibwa."

"Nina redio," akasema Mama Kioko. "Hiyo husikia hata ikifunikwa blanketi." Akakichukua. Mwezi uliofuata akapokea zamu yake, akajenga kibanda chenye paa. Na mimi sikurudishwa Kibera. Senje aliniita, akanipa rimoti na nailoni yake. "Kuanzia leo akija mgeni, wewe ndiye utawasha." Nilivaa shati la shule hata Jumapili kwa ajili ya kazi hiyo.

Senje tulimzika mwaka juzi, nyumbani Kakamega. Vitambaa vyake viligawanywa kwa wanawake siku hiyo hiyo, na nilipokumbuka kuomba kimoja, viti vilikuwa uchi.

Kwa hivyo pale Satellite nilipomaliza kukinusa nikageuka, na Mama Kioko yuko kwenye sofa ananitazama, mzee sasa, fimbo kando, kicheko ni kile kile. Nikamwambia nakitaka. Nitakitia kwenye fremu, nikitundike dukani.

"Niuzie, mama. Nakupa elfu moja."

"Elfu kumi."

"Ya kitambaa?"

"Kwani hicho ni kitambaa? Hiyo ni kesi yangu. Nilitumwa choo mbele ya watu kwa ajili yake."

"Si mimi nilikutetea?"

"Ulinitetea Jumapili. Ulijua tangu Ijumaa." Akaniangalia. "Kioko aliniambia zamani."

Mdomo wangu ukabaki wazi. Miaka yote hiyo amekuwa akijua, na amekuwa akinipakulia muthokoi.

Sikuweza tena kushindana bei, mimi ninayeshindana na waagizaji wa mizigo. Alinishushia hadi elfu sita, kwa huruma yake. Tivi nikaitundika bure. Nilipokuwa natoka akaniita nirudi, kwa sababu mfuko wa kukibebea nao una bei. Nikalipa shilingi elfu sita, mia tatu na hamsini.